Kabla Hujauliza Tecno au Samsung

Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini na fundi simu wa Mwanga, mbele ya wafanyabiashara wa dagaa, waendesha bodaboda, walimu na vijana wa sekondari. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa Kibirizi, shikamooni na poleni na jua. Vijana, mambo vipi?

Nimeombwa nizungumzie simu ipi ni nzuri. Swali hilo linafika kibandani kwangu kila siku: "Fundi, nichukue Tecno au Samsung?" Mwingine anakuja na rafiki yake, wanabishana Tecno na Infinix mpaka wateja wengine wanashindwa kusikilizwa, utadhani ni Simba na Yanga. Sasa Simba na Yanga angalau ni timu mbili. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, iliyoanza mwaka 2006, makao yake yako Shenzhen huko China. Mnatukanana, halafu pesa zenu zote zinaingia mfuko mmoja. (Kicheko.)

Na si hao peke yao. Redmi na Poco ni za Xiaomi. Oppo, Vivo, Realme na OnePlus zina asili moja, kampuni ya BBK ya huko huko China. Nanyi wa iPhone msicheke sana. Tangu iPhone X ya mwaka 2017, Samsung ni mmoja wa wanaoitengenezea Apple vioo, na vihisi vya kamera zake, vile vinavyonasa picha, vinatoka Sony. Kobalti iliyomo kwenye betri nyingi za simu, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inachimbwa Kongo, upande ule wa ziwa letu. Inatoka hapo jirani, inazunguka mpaka China, inarudi ikiwa ndani ya boksi, tunaifuata Kariakoo.

Kwa hiyo jina mimi naliweka mwisho. Ukinijia kibandani nitakuuliza kwanza: unalala wapi, simu utaifanyia nini, na ikivunjika nani atakutengenezea? Ukinijibu hayo matatu, mara nyingi jina linajileta lenyewe.

Tuanze na unapolala. Mtandao wa Mwanga si mtandao wa Kalya, wala wa Buhingu, wala wa vijiji vilivyo nyuma ya milima kule Buhigwe. Kabla hujatoa pesa, uliza kijijini laini gani inashika, na inashika 4G au inaishia kupiga simu tu. Kuna watu wananunua simu ya 5G wakati mama yao kijijini anapanda kichuguu ndipo asikike. Pesa ile ya 5G ungeiweka kwenye betri na kwenye kioo. Na kama kazi yako kubwa ni kutuma na kupokea pesa ukiwa kwenye boti, kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, kinatosha: *150*00# ya M-Pesa haihitaji intaneti, na chaji inakaa siku kadhaa. Wengi hapa najua mnatembea na mbili, kiswaswadu mfuko wa ndani na simu janja mkononi. Huo si ushamba, ni akili.

Halafu kuna jambo la sisi watu wa mpakani, ambalo hakuna muuzaji wa Dar atakayekwambia. Ukifika Manyovu, au ukiwa majini karibu na Kagunga, simu inaweza kukamata mnara wa Burundi. Unaona ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu na wewe hujavuka hata hatua moja. Hapo hapo saa ya simu inarudi nyuma, kwa sababu Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja. Sasa mtu ametega kengele ya saa kumi na moja alfajiri awahi basi. Simu inamwamsha saa kumi na mbili, gari limeshaondoka. Anashuka mjini kwa bodaboda amekasirika, ananiwekea simu mezani: "Fundi, hii Infinix ni mbovu, saa yake haishiki." Simu haina ubovu wowote. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, zima ile ya kujiwekea saa za eneo yenyewe, chagua Dar es Salaam. Kisha nenda kwenye mitandao ya simu, chagua mtandao wako kwa mkono, na uzime romingi ya data isije ikala salio lako. Kazi ya dakika mbili, na siwatozi.

Swali la fundi ndilo kubwa kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Sisi tuko mwisho wa reli. Kutoka Dar mpaka hapa stesheni ni zaidi ya kilomita 1,200. Kila kioo ninachobadilisha kimetoka Kariakoo, kwa basi au kwa mzigo wa mtu anayekuja. Vioo vya simu zinazouzwa kwa wingi, hizi Tecno, Infinix, itel na Samsung za A, ninavyo kabatini au jirani yangu anavyo. Ukiniletea simu ambayo shemeji amekutumia kutoka ughaibuni, nzuri, nyembamba, jina hata mimi sijawahi kulisikia, nitaagiza, na utasubiri. Wakati mwingine kioo kinafika bei yake imekaribia nusu ya bei ya simu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, ukishaipenda simu, usitoe pesa kwanza. Mpigie fundi wako, muulize: "Kioo cha hii ni shilingi ngapi, na unacho?" Akisema anacho, chukua. Akinyamaza kwanza, akasema "ngoja niangalie", nawe ngoja. Na mkumbuke simu za kioo cha AMOLED, vile vyenye weusi wa kweli na rangi kali, vioo vyake ni ghali kuliko vya LCD vya kawaida. Kama wewe ni bodaboda na simu yako inakaa kwenye usukani, LCD itakutunzia heshima.

Sasa boksi. Vijana, hili ni lenu. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa "16GB", muuzaji anakwambia "hii ina RAM kumi na sita, haigandi hii". Lete boksi karibu, soma maandishi madogo pembeni. Utakuta 8 jumlisha 8. Nane ya kwanza ndiyo RAM ya kweli, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi zake. Nane ya pili imeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na nyimbo, na nafasi hiyo ina mwendo wa polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Kuna boksi zinasema 8 kumbe ya kweli ni 4. Usigombane na muuzaji, fungua tu mipangilio, "kuhusu simu", usome mwenyewe. Kwa mtu wa WhatsApp, picha na video za kawaida, RAM 4 ya kweli inajikongoja, 6 inatembea, 8 ina raha. Nafasi ya kuhifadhia ianzie GB 128, maana magrupu ya harusi na misiba peke yake yanajaza GB 64 kabla ya mwaka kwisha.

Megapikseli sitazisema sana. 50, 108, mradi namba. Piga picha ndani ya duka, kwenye kivuli, mpige mtu mweusi mwenzako, uangalie kama uso unaonekana. Transsion walilishika soko la Afrika kwa mambo kama hayo: kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi, nafasi ya laini mbili, betri inayokaa. Wakati wakubwa wengine wanatuuzia simu za laini moja, wao walikuwa wameshaona kwamba Mtanzania ana laini ya bando, laini ya pesa na laini ya kijijini.

Ila Transsion wana udhaifu wao, na hapo ndipo Samsung inapopanda. Masasisho. Simu janja inahitaji kupelekewa marekebisho ya usalama kila mara, la sivyo inazeeka ingali mpya. Samsung waliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, na mwaka huo huo wakaahidi miaka sita kwa Galaxy A16, ambayo ni simu ya mtu wa kawaida. Simu nyingi za bei ya chini za majina mengine haziahidi hata nusu ya hapo. Utasema, masasisho ya nini? WhatsApp ilipoingia mwaka 2025 iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4. Kuna mwalimu mmoja simu yake ilikuwa haina hata mkwaruzo, anaitunza kuliko gauni la harusi, akabaki haoni grupu la shule. Sikuwa na la kumfanyia. Kwa hiyo ukinunua ya mkononi kwa mtu, tazama toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni la miaka minne iliyopita, punguza bei au achana nayo.

Tukiwa hapo hapo kwenye za mkononi. Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu, itatokea, tarakimu 15. Itume kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likisema Nokia na mkononi umeshika kitu kimeandikwa Samsung, rudisha. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivyozima simu feki usiku mmoja, asubuhi watu wamejaa kwenye vibanda vyetu na simu zisizo na mtandao. Hatukuwa na dawa, IMEI haifungwi kwa bisibisi.

Pili, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, au ya Apple kama ni iPhone. Asipoiondoa, siku utakayofuta kila kitu simu ianze upya, itakuuliza nywila ya mtu usiyemjua. Anayekwambia "fundi yeyote atatoa hiyo" muulize kwa nini asitoe yeye. Pengine si yake. Andikishaneni, hata kwenye karatasi ya daftari, jina na namba ya kitambulisho, kwa sababu simu ya wizi inamfuata aliyeishika.

Kwa wapenda iPhone za mtumba: nenda sehemu ya betri, usome afya ya betri. Chini ya asilimia 80, Apple wenyewe wanahesabu kuwa imechoka, kwa hiyo ongeza bei ya betri juu ya bei uliyotajiwa. Halafu ingia "kuhusu", kwenye matoleo ya karibuni inakuonyesha kama kioo au betri vimebadilishwa na kama ni vyao. Simu hiyo hiyo inamsema muuzaji wake.

Za mkopo sitawakataza. Unatoa kianzio, unalipa kila siku au kila wiki, ukichelewa inajifunga. Chukua kalamu: kianzio, jumlisha malipo ya siku mara idadi ya siku. Uweke pembeni ya bei ya pesa taslimu. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kutosubiri. Bodaboda anayeshika hela kila jioni inaweza kumfaa. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, ambaye hela yake inakuja kwa msimu, atakaa na simu iliyofungwa miezi ya katikati, hata kupiga hawezi.

Kuna swali moja nimeandikiwa kwenye karatasi: "Mbona simu yangu haichaji, nimeambiwa sistimu imekufa?" Kabla hujamlipa mtu, ichunguze tundu ya chaji kwa tochi. Nyie wa Kibirizi na Katonga, nikichokonoa tundu zenu natoa mchanga, nyuzi za kanga na magamba ya dagaa, vimeshindiliwa mpaka waya hauingii mwisho. Zima simu, tumia kijiti cha meno, taratibu, usitumie sindano. Mara nyingi inachaji papo hapo. Na alama ya kidole ikigoma, futa kwanza mafuta ya mawese kidoleni kabla hujalaumu Samsung.

Mama yule wa kitenge cha kijani, karibu.

(Swali kutoka ukumbini: "Mwanangu, ikidondoka ziwani? Ya kwangu dukani waliniambia haiingii maji.")

Asante mama. Hiyo waliyokwambia, majaribio yake yanafanywa kwenye maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Gundi inayozuia maji inachakaa, na mimi nikishaifungua simu mara moja, gundi ya kiwandani haipo tena. Kwa hiyo itoe haraka, uizime. Kama imeshazima yenyewe, usiiwashe kujaribu, na usiichomeke chaji hata kama moyo unakutuma. Toa laini na memori kadi. Futa, isimamishe tundu ya chaji ikitazama chini, mahali penye upepo. Mchele acha upikwe. Mwaka 2024 Apple walitoa onyo kwamba vumbi la mchele linaweza kuingia ndani ya simu na kuiharibu. Niletee siku hiyo hiyo, nifungue, nisafishe ubao wake wa umeme wa ndani kabla haujaota kutu. Ila usiianike kwenye kichanja pamoja na dagaa, mama. Hizo nimeshapokea, betri imevimba, na harufu yake kibandani inakaa wiki nzima.