"Niazime" kwa Kiingereza: wapi useme borrow, wapi useme lend

Assalaam alaykum, karibuni. Leo tuna vitenzi viwili tu, borrow na lend, lakini vinawasumbua watu kuanzia wanafunzi wa skuli mpaka wenzetu wanaotembeza wageni Nungwi na Paje. Chukua kalamu, kuna mahali nitakutaka uandike.

Tuanze baharini. Mmetoka Matemwe na boti, mnakwenda Mnemba. Mgeni mmoja kasahau miwani ya kuzamia hotelini, na wewe unayo ya ziada. Unamwambia: "I can borrow you my mask." Mgeni anatabasamu, anaipokea. Kakufahamu, maana miwani anaiona mkononi mwako. Ila maneno yako yamekwenda upande. "I can borrow you" ni kama kumwambia kwamba utamchukua yeye mwenyewe kisha utamrudisha! Ulitakiwa useme: "I can lend you my mask."

Tunakoseaje hapa? Azima yetu inabeba pande zote mbili. "Nimeazima baskeli kwa Juma", baskeli imekuja kwangu. "Nimemuazima Juma baskeli", baskeli imeondoka. Kitenzi ni kile kile, na hiyo -m- iliyochomekwa katikati ndiyo inayotufahamisha nani kampa nani. Kiingereza hakichomeki kitu katikati ya kitenzi, kwa hiyo kazi hiyo kimeigawa kwa vitenzi viwili. Borrow ni ya anayepokea, lend ni ya anayetoa.

Hatua ya kwanza. Kabla hujafungua mdomo, iondoe azima, weka kopa au kopesha. Hapo Kiswahili chenyewe kinatofautisha. "Niazime kalamu" ungeibadilishaje? Usingesema "nikope kalamu", ungesema "nikopeshe". Basi ni lend: "Lend me your pen." Na "nimeazima ngazi kwa jirani"? Nimekopa ngazi. Inachekesha, najua, hapana mtu anayekopa ngazi, lakini jibu umelipata: "I borrowed a ladder from my neighbour." Kopa ni borrow, kopesha ni lend. Liandike hilo.

Hatua ya pili, mpangilio wa maneno. Hapa tutakaa kidogo. Baada ya lend unaweza kumtaja mtu kwanza, kisha kitu: "Lend Asha the umbrella." Au kitu kwanza, halafu to, halafu mtu: "Lend the umbrella to Asha." Zote sawa. Borrow haina nafasi hiyo. Baada yake kinakuja kitu, na mwenye kitu anafuata nyuma ya from: "I borrowed the umbrella from Asha." Kwa hiyo ukijisikia unasema "borrow me", simama hapo hapo, ushapotea.

Ukitaka kuomba, njia ni mbili, inategemea unaanza na nani. Ukianza na mimi: "Can I borrow your charger?" Ukianza na wewe: "Can you lend me your charger?" Chaja ni ile ile, ombi ni lile lile. Mimi napendelea ya kwanza, maana ni nyepesi mdomoni na Waingereza wenyewe wanaitumia sana.

Hatua ya tatu ni fupi. Wakati uliopita, borrow inakuwa borrowed, lend inakuwa lent, mwisho te. Hapana "lended". Na ukiiona Lent kwa herufi kubwa kwenye kalenda, hiyo ni Kwaresima, jambo jengine kabisa.

Hatua ya nne ni pesa, na hapa ndipo watu wanapogombana. Kifaa unachompa mtu kwa lend, kwa kawaida humtozi. Ukimwambia mgeni "I'll lend you my Vespa" halafu jioni ukamdai malipo, atakuona mjanja, na haki yake. Kama unatoza, sema rent: "You can rent my Vespa." Uingereza utawasikia pia wakisema hire. Benki ni kesi nyengine: benki inatoa pesa kwa lend na riba inachukua, wewe unayepokea una-borrow. Wamarekani wengi hutumia loan kama kitenzi mahali pa lend, usishtuke ukiisikia.

Halafu kuna duka la mtaani, ambako ile kanuni yetu ya kopa inateleza. Umekopa sukari dukani, utalipa mwisho wa mwezi. Ukisema "I borrowed sugar from the shop", Mwingereza atafikiri utarudisha sukari. Sema "I got the sugar on credit." Kwa jirani lakini, kikombe cha sukari ni borrow bila wasiwasi, ingawa ile sukari ishaliwa na utakayorudisha ni nyengine.

Sasa simamisha video uandike haya kwa Kiingereza: Kaka yangu kaniazima Vespa yake. Naomba kuazima mwavuli wako. Nimekopa mchele dukani.

Tayari? La kwanza, kaka ndiye anayetoa: "My brother lent me his Vespa." La pili: "Can I borrow your umbrella?" La tatu, kama uliandika borrowed, futa: "I got the rice on credit."