Stepla ikikwama tumboni, usivute

Mwangaluka jamani. Sogeeni mbele basi, viti vya mbele havina miiba. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi sio daktari. Mimi ni nesi wa thieta, yule anayesimama pembeni ya meza anampa daktari vyombo, na nimeambiwa niongee juu ya stepla kugoma katikati ya upasuaji wa matundu madogo. Nimefurahi wamemwita nesi maana stepla ikigoma daktari anamwangalia nani? Ananiangalia mimi, kama vile nimeitengeneza mimi nyumbani.

Kwa wale intani ambao hamjaiona bado niiseme haraka. Ni mkono mrefu unaopita kwenye trokaa, yaani ule mrija unaowekwa kwenye tundu la tumbo, mbele una taya mbili kama mdomo wa mamba, taya moja ina katriji yenye pini ndogo za titaniamu. Unabana utumbo au mshipa, unafyatua, pini zinapigwa mistari mitatu huku na mitatu kule na kisu kinapita katikati, yaani inashona na kukata kwa mpigo mmoja. Pini haikunjiki ikalala bapa kama ya ofisini, inajikunja kama herufi B, ili damu kidogo iendelee kupita kwenye nyama isije ikafa. Na sio kitu cha juzi, daktari Hümér Hültl kule Budapest, Hungaria, alikuwa nayo mwaka 1908, ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 3, wakati huo hata reli ya Mjerumani ilikuwa haijafika hapa Tabora, ilifika 1912. Haya, historia imeisha.

Sasa niwape kisa. Kuna hospitali moja kubwa nilipelekwa kujifunza, siitaji na msiniulize wakati wa chai. Siku hiyo tunatoa figo iliyokufa, kwa kamera. Mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye figo ulishafungwa kwa klipu, ukakatwa, vizuri kabisa, ukabaki ule wa kurudisha damu, daktari akaomba stepla nikampa, akabana, akafyatua, ikaenda nusu ikasimama. Kimya. Taya hazifunguki, kisu kimeingia nusu ya mshipa, na ule mshipa sio mchezo, unamwaga moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa kuliko yote tumboni. Yule daktari kijana akaanza kutikisa mkono kidogo hivi, kama mtu anatoa ufunguo uliokwama mlangoni, na mkubwa wake akamshika kiwiko akamwambia polepole sana, usivute.

Kwanini ilikwama? Kulikuwa na klipu ndani ya taya. Moja ya zile klipu za mwanzo, kisu kikagonga chuma kikashindwa kupita. Hii imeandikwa sana kwenye upasuaji wa figo, ni kosa la kawaida kabisa, na dawa yake ni kuzungusha kamera na kuangalia pande zote mbili za taya kabla ya kufyatua. Sekunde tano tu. Hatukuangalia, na mimi nilikuwa naona skrini kama wao, sikusema neno.

Lakini sio hilo linaloniuma mpaka leo. Mkubwa akasema tunafungua tumbo, nipeni seti ya kufungulia na klampu ya Satinsky, ile koleo ya kubana mishipa mikubwa, na seti haikuwa chumbani. Ilikuwa kabatini kule kwenye kusafishia vyombo, kabati limefungwa, mwenye ufunguo kaenda kunywa chai. Jamani. Mgonjwa yuko mezani, mtu wa usingizi anapaza sauti anauliza damu ya kuongeza iko wapi, na mimi nasubiri mtu wa chai. Walimshikilia hivyo hivyo, stepla imebana mshipa, hakuna aliyeigusa, na ndio maana hakufa, kwasababu ile stepla iliyokwama ndiyo ilikuwa inazuia damu. Seti ikaja, wakafungua, wakaweka klampu nyuma yake, wakakata mshipa na stepla yake, wakashona kwa mkono. Mgonjwa alitoka akitembea.

Kwa hiyo nikiwaambia usivute simaanishi ni ufundi wa hali ya juu. Wazee wa Unyamwezini wanaowinda wanajua gobore likikataa kulia huchungulii kwenye mtutu na wala hulitikisi, unalishikilia lilivyo kwanza halafu unafikiri. Stepla ni hivyo hivyo. Daktari anasema kwa sauti "imekwama", neno hilo hilo, sio kunong'ona, ili mtu wa usingizi asikie, anayeshika kamera asitikise, na mimi nianze kusogeza vyombo. Halafu mnaangalia kama kuna namna ya kurudisha kisu nyuma, nyingi zina kitufe au kiwiko cha dharura chini ya kifuniko, na hapa nawauliza kwa upendo tu, nani hapa anajua kile kiwiko kiko upande gani kwenye stepla ya kwenu? Mkono juu. Eeh. Naona mikono miwili. Mwingine ni fundi mitambo.

Ila kabla hujafungua hizo taya kwenye mshipa, hakikisha umeushika nyuma yake, upande damu inakotoka, kwa klampu au kwa chochote. Ukifungua kwanza ndio ushike umechelewa, damu itafunika kamera na huoni tena. Na ndio maana madaktari wazuri niliowaona wanaacha nafasi, hawabani pale pale kwenye shina, wanasogea mbele kidogo ili ya kwanza ikigoma kuna sehemu ya kuweka ya pili. Siku ile ya figo nafasi haikuwepo.

Kuna kugoma kwingine hakutishi hivyo lakini kunaua taratibu. Mfano unafyatua, inaenda mpaka mwisho, kila mtu anafurahi, kumbe kisu kimekata na pini hazijajikunja, zimeachwa wazi kama miguu ya kaa. Hii mara nyingi ni katriji na nyama havilingani. Katriji nyeupe pini zake zinafunga mpaka milimita 1.0, hiyo ya mishipa, bluu 1.5, kijani 2.0 ya nyama nene kama tumbo upande wa chini. Ukiweka bluu kwenye nyama nene iliyovimba pini hazifiki upande wa pili, ukiweka kijani kwenye mshipa mwembamba hazibani, damu inavuja. Na msiamini rangi tu, makampuni hayafanani, someni namba kwenye boksi na mtamke, mimi nampa daktari nikisema "bluu, moja nukta tano, mpya" na yeye anarudia. Wengine wanaona ni maigizo. Sawa, acha tuigize.

Nyama iliyovimba ukishaibana subiri, kama sekunde 15 hivi, maji yatoke ikonde ndio ufyatue. Madaktari wenye haraka hapa ndipo wanaponichukia, nahesabu kwa sauti. Na mkimaliza jaribuni utumbo, jaza maji tumboni, puliza hewa ndani ya utumbo, ukiona mapovu kama tairi ya baiskeli kwa fundi basi panavuja, shoneni sasa hivi. Wodini msilale, mgonjwa wa siku ya tatu mpaka ya saba mapigo yanapanda, homa, tumbo linauma kuliko jana, usimwambie ni gesi.

Marekani, FDA, wale wakaguzi wao wa dawa na vifaa tiba, walipohesabu, kuanzia Januari 2011 mpaka Machi 2018 walipokea taarifa zaidi ya 41,000 za stepla na pini zake, vifo 366 ndani yake, majeruhi wakubwa zaidi ya 9,000, na mwaka 2021 wakazipandisha daraja la ukaguzi mkali zaidi. Namba hizo hazisemi stepla ngapi zilifyatuliwa salama kwa hiyo msiende kuwatisha wagonjwa nazo, mimi nachukua kitu kimoja tu, wale waliripoti. Sisi ikigoma tunaitupa kwenye ndoo ya taka na kulaumu mkono wa daktari. Usiitupe. Iweke kwenye mfuko na katriji yake, andika namba ya toleo, jaza fomu ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kama kuna boksi zima bovu wenzako Kigoma nao wanalo.

Swali hapo nyuma? ... Ndiyo mdogo wangu, anauliza je kama stepla hakuna kabisa. Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Kwa kidole tumbo huihitaji, kitanzi cha uzi chenye fundo la Roeder, lile linaloteleza likakaza, kinatosha kwa wagonjwa wengi, daktari Mjerumani Kurt Semm alitoa cha kwanza kwa matundu madogo mwaka 1980 kwa vitanzi vya uzi. Na ikigoma ukiwa nayo unarudi huko huko kwenye uzi, kwa hiyo daktari asiyejua kushona kwa kamera, au asiyekubali kufungua tumbo mapema, mimi stepla simpi kwa moyo mmoja.

Haya, kwenye beseni la bluu pale kuna utumbo wa mbuzi, nimeununua sokoni asubuhi nimeuosha mara tatu lakini harufu mtavumilia. Wawili wawili, glovu ziko kwenye boksi. Katriji zile zimepitwa na muda, za mazoezi tu, zisitoke humu ndani. Nimeweka klipu kwenye utumbo mmojawapo na sisemi upi.