Panya Wawili wa Sufuria Moja

Wazazi, walimu, na ninyi wanafunzi mliobaki mlangoni, karibuni.

Hapa Bukavu nyama ya pori ikishakaushwa kwa moshi, jina hubaki moja: panya. Muuzaji hana kosa, manyoya yameungua na mkia haupo. Mimi naomba mtazame kichwa kwanza, kabla ya sufuria.

Huyu ni ndezi. Kila jino la mbele la juu lina mifereji mitatu, kama limepitishwa patasi, na kazi yake ni miwa na mabingobingo. Akinona hupita kilo 5. Huyu mwingine ni panya buku, kilo moja na kitu, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, mashavu yenye mifuko. Akiijaza mahindi, uso huvimba kama wa mtu mwenye jino bovu.

Mtasema wametofautiana umbo tu. Basi waangalieni wanavyozaa. Panya buku hubeba mimba karibu mwezi mmoja, akazaa watoto uchi, wekundu, macho yamefumba. Ndezi hubeba miezi mitano. Mitano, sawa na mbuzi! Mtoto hutoka na manyoya yake, macho wazi, na hakawii kukimbia. Nani mwingine huzaa hivyo? Nungunungu. Na simbilisi, wale tunaowafuga jikoni. Pasueni fuvu la simbilisi na la ndezi: yote mawili yana tundu kubwa mbele ya jicho, msuli wa taya unapita humo. Simbilisi asili yake ni Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari, lakini kwa ndezi ndiye jamaa, kuliko panya buku anayeishi hapo kando yake. Koo za ndezi na panya buku ziliachana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

Panya buku naye msimdharau. Kule Morogoro, Tanzania, hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Ndezi sijasikia amesomea kitu zaidi ya miwa ya watu.

Naam, mama? Yupi mtamu? Ndezi, mama. Panya buku mimi sili; bibi alitukataza, na hakutueleza sababu.