Gharama za kusafirisha na kufungasha: soma kikapu chako kabla hujalipia

Karibuni tena. Leo kikapu changu cha duka la mtandaoni kina kitu kimoja tu, mto wa kulalia, na tutakwenda nacho hadi ukurasa wa malipo. Fungua na wewe kikapu chako, ila kitufe cha kulipa usikiguse kwanza.

Anza kwa kujaza anwani kamili. Kabla ya hapo gharama unayoonyeshwa ni ya kukisia, kwa sababu mfumo haujui mzigo unakwenda wapi. Mmeona? Nimeandika anwani, jumla imebadilika.

Sasa shuka kwenye mchanganuo wa gharama. Pesa ya kusafirisha ni ya kampuni inayobeba mzigo. Ya kufungasha ni ya kazi ya ghalani: kuitoa bidhaa kwenye rafu, kuitia kwenye boksi, kuifunga, kubandika lebo. Wauzaji wengine huziandika zote mbili kwenye mstari mmoja, wengine huzimeza ndani ya bei ya bidhaa. Ndiyo maana ukilinganisha maduka mawili, linganisha jumla ya mwisho, hata pale palipoandikwa “usafiri bure”.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia. Mto wangu haufiki hata kilo moja. Lakini boksi lake ni sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Zidisha, unapata 36,000. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, na jibu ni 7.2. Kilo saba na ushee! Huo ndio uzito wa ujazo. Kampuni hupima uzito wa mzani na huu wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Mimi naona ni haki, kwa sababu ndege ikijaa mito, hakuna kingine kitakachoingia. Cha kufanya ni kumwandikia muuzaji, umuulize kama anaweza kuutoa mto hewa na kuufunga bapa. Kimo cha boksi kikishuka kutoka 30 hadi 10, hesabu inakuwa kilo 2.4.

Kama umeagiza vitu kadhaa, angalia vinatoka kwa muuzaji mmoja au la. Wauzaji watatu huwa ni vifurushi vitatu, na kila kimoja kina gharama yake.

Mzigo ukivuka mpaka, tafuta maandishi yanayosema ushuru wa forodha na kodi vimeshalipiwa. Usipoyaona, jiandae kudaiwa kifurushi kinapofika. Na jambo hili halisemwi vya kutosha: nchi nyingi hukokotoa ushuru kwa bei ya bidhaa pamoja na nauli yake, kwa hiyo nauli kubwa huukuza na ushuru.

Mwisho fungua sera ya kurudisha bidhaa, usome nani analipia safari ya kurudi na kama nauli ya kwanza inarejeshwa. Piga picha ya skrini yenye mchanganuo wote, ihifadhi. Haya, sasa bonyeza kitufe cha kulipa.