Kibaraza kinaanzia miguuni

Haya wadogo zangu, wa nyuma sogeeni basi, nimekuja na kitu nataka kila mtu akishike. Kipitisheni. Hicho ni kipande cha nguzo ya kibaraza, paina ya inchi nne kwa nne, angalieni huku juu vanishi bado inang'aa kabisa, sasa geuza huku chini uchome na bisibisi. Umeona? Inaingia kama kwenye muhogo uliochemka.

Hiyo nguzo niliisimika mimi mwenyewe. Kigamboni huko, nyumba ya mama mmoja mstaarabu sana, nikachimba shimo la futi mbili, nikatumbukiza mbao, nikamwaga zege kuizunguka, juu nikasakafia safi usawa wa sakafu, watu wakapiga picha. Masika ya tatu mama ananipigia simu, hata hajakasirika, anasema fundi, kile kibaraza chako kinapiga magoti, njoo ukiangalie.

Sasa kosa liko wapi, maana nilikuwa nimeweka zege nyingi na roho nyeupe. Ni hivi: mbao ikikauka inasinyaa kidogo upana wake, zege haisinyai nayo, kwaiyo kunabaki kaufa kembamba pembeni, mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye nguzo yanaingia mle na hayana pa kutokea. Yaani umeitengenezea mbao kikombe alafu umeisimamisha ndani. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu na hewa vyote viwili, na pale usawa wa ardhi ndo vinakutana, ndo maana unaweza kung'oa nguzo ukakuta chini kabisa bado nzima na juu nzima, imekatika katikati hapo kifundoni. Na kumbuka mbao inakunywa kwa mdomo, pale ulipoikata kwa msumeno, ubavuni hainywi hivyo. Sisi tunapaka vanishi ubavuni, mdomo tunauzamisha kwenye tope!

Kwaiyo siku hizi mimi mchoro wa kibaraza naanzia chini. Namwaga kitako cha zege kinachopanda juu ya sakafu kama sentimita 15, ndani yake nazamisha kiatu cha chuma, hivi tu vya kuchomelea, flatiba mbili, yaani vyuma bapa, zinazoibana nguzo kwa bolti, na mguu wa mbao unaning'inia sentimita 3 mpaka 5 juu ya zege, upepo unapita chini. Ncha naipaka dawa kabla ya kufunga sio baada. Mtu ataniuliza, na mchwa? Mchwa atapanda tu, kiatu hakimzuii, lakini itabidi ajenge njia yake ya udongo juu ya chuma mchana kweupe na wewe ukipita na fagio unamuona. Kwenye lile shimo langu la Kigamboni alikuwa anakula bila kuonekana na mtu. Kama mteja anang'ang'ania nguzo iingie ardhini basi mtafutie nguzo iliyosindikwa dawa, zile za kijanijani zinazotoka Mufindi kule Iringa, na usiukate mguu wake hata inchi moja maana dawa haijafika katikati.

Hicho kiatu kina kazi nyingine ambayo wengi hamuifikirii. Tunazoea kusema nguzo inabeba paa. Sawa, siku nyingi inabeba. Lakini kibaraza hakina kuta, kusi ikivuma upepo unaingia chini ya bati na kulisukuma juu, na bati ni jepesi, hapo nguzo inakuwa inashikilia paa lisiondoke. Msumari ukiuvuta kwa urefu wake unachomoka kama jino bovu. Kwaiyo kenchi na walpleti, ule mhimili uliolala juu ya nguzo, vifungwe kwa ukanda wa chuma, walpleti na nguzo hivyo hivyo, nguzo na kiatu bolti, kiatu na zege nondo, mnyororo mmoja juu mpaka chini. Na karibu na bahari nunua vyuma vilivyochovywa zinki, chumvi haina huruma.

Alafu pembetatu. Kibaraza kilichoegemea nyumba kinashikiliwa na ukuta, lakini banda la uani la nguzo nne, ukiweka nguzo na mihimili tu, lisukume kwa mkono uone linavyocheza. Weka mbao za mshazari kila kona, nyuzi 45, mguu wake uanzie kama sentimita 75 chini ya mhimili. Mteja atakwambia zinaharibu muonekano, mwambie zipindwe kidogo zitapendeza. Maungio ya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja unaichonga iwe nyembamba iingie kwenye tundu la mwenzake, ukiyaweza fanya: toboa tundu la kigingi kwenye nguzo, lile la kwenye ulimi lisogeze milimita 2 kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia, ukigonga kigingi cha mti mkavu kinauvuta ulimi wenyewe mpaka bega linakaba. Raha yake muisikie mlio.

Jua sasa. Huku kwetu Dar saa kumi jioni jua limeshuka, kila mita moja ya paa kwenye ukuta wa magharibi inakupa kivuli cha kushuka sentimita 65 mpaka 85 hivi tu, kutegemea mwezi. Kwaiyo hivi vipaa vya futi tatu juu ya mlango ni urembo. Kibaraza cha kukaliwa kitoke mita 2 na nusu, na ukingo wa paa ushuke, mita 2 na sentimita 10 inatosha, mtu mrefu atadhani atagonga kichwa, hagongi.

Wazee wa Lamu hesabu hii waliimaliza zamani. Boriti zao ni mikoko, na boriti ya mkoko haikupi nafasi kubwa, ndo maana vyumba vile ni vyembamba, mita 2 na nusu mpaka 3. Lakini angalia mlangoni: kuna daka, kibaraza chenye paa, pande zote mbili benchi la mawe, mgeni anakaa, anapewa kahawa, mazungumzo yanaisha bila yeye kuona ndani. Alafu ukivuka mlango unakuta tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inakata kona, mpita njia hachungulii kiwandani, yaani ua wa ndani. Sisi tunaweka mlango wa vioo unatazamana na jokofu. Ukichora kibaraza muulize mteja swali moja kabla hujashika penseli: nani atakaa hapa, na atakaa anaangalia wapi? Mama wa Kigamboni nilipomuuliza, safari ya pili hiyo, akasema mimi nachambulia mboga hapa asubuhi. Basi tukaongeza benchi la mbao upande wa mashariki, sentimita 45 kwenda juu, na nguzo moja tukaisogeza maana ilikuwa inamziba geti asione nani anaingia.

Kile kipande kimerudi? Sawa, kaeni nacho. Maswali tutaulizana huko nje, hapo getini kuna banda la mlinzi nimelipita asubuhi na nguzo zake sijazipenda. Nani ana bisibisi?