Mbwa Anayebaki Peke Yake Ndani ya Ukuta

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tulihamia Dodoma baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi. Tulijenga Iyumbu, Nala na Ilazo, tukazungusha ukuta, na kwa kuwa majirani walikuwa bado wachache, tukatafuta mbwa wa ulinzi. Kila asubuhi tunafunga geti na kwenda kazini Mtumba, tukirudi jioni. Naomba leo tumtazame huyo tunayemwacha nyuma ya geti.

Mbwa ameishi na binadamu kwa miaka isiyopungua 14,000, na kukaa na wenzake ndiyo asili yake. Mbwa wa mchungaji wa Kigogo hutoka na ng'ombe alfajiri, hulala kivulini mchungaji anapopumzika, na jioni hurudi na kundi zizini. Pengine chakula chake ni haba kuliko cha mbwa wa mjini, lakini mchana kutwa yuko na watu na mifugo.

Jirani akikueleza kwamba mbwa wako hulia kwa sauti ndefu mara unapoondoka, au ukikuta mlango umekwaruzwa na sebule ina mkojo, usidhani amekukomoa. Fadhaa hiyo kwa kawaida hupanda katika nusu saa ya kwanza, na ndiyo sababu uharibifu huonekana zaidi mlangoni na getini, mahali ulipopitia. Kumchapa jioni kwa jambo la asubuhi hakumfundishi kitu, kwa kuwa hawezi kuihusisha fimbo na tendo lililokwisha kupita. Atajifunza tu kuogopa kurudi kwako.

Kinachomsaidia ni mazoezi ya polepole. Mbwa huitambua safari mapema kwa mlio wa funguo na kwa viatu unavyovaa. Basi shika funguo kisha ukae, vaa viatu kisha uendelee na chai yako, mpaka ishara hizo zisimshtue tena. Baadaye toka getini kwa sekunde chache na urudi angali ametulia, kisha uongeze dakika moja, mbili, tano. Akianza kulia, ujue umeharakisha, upunguze muda. Kazi hii huchukua wiki nyingi, nami sijui njia ya mkato ninayoweza kuwapendekezea kwa dhamiri safi.

Asubuhi mtembeze kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mbwa aliyechoka hulala. Sehemu ya chakula chake ifiche uani aitafute kwa pua, ila usimpe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Maji na kivuli visikosekane.

Linaloniumiza zaidi ni desturi ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa ili usiku awe mkali. Malezi hayo huzaa woga, na mbwa mwoga anaweza kumng'ata hata mtoto wa nyumba hiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama huhisi mateso, na kwa maoni yangu upweke wa bandani ni mateso.

Kuongeza mbwa wa pili si lazima kuponye, kwa sababu mara nyingi anayekosekana ni mtu. Afadhali umwombe jirani aliyestaafu au kijana unayemwamini apite saa saba mchana, akae naye kidogo. Na mbwa anayejijeruhi mlangoni apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana maumivu ambayo mazoezi hayatayaondoa.