Anayekuuliza Uraia Naye Aulizwe

Shikamooni wazee, habari za asubuhi ndugu zangu wa mwaloni. Najua dagaa hawasubiri mtu, sitawachelewesha.

Kuna kesi ya jirani yetu, mzaliwa wa mkoa wa Mara. Mwaka 2012 alikwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa. Ndoa tu, jamani! Uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikasema huyu si wetu, ikamrudisha. Akakwama pale Sirari, kati ya mpaka na mpaka, huku mabasi yakimpita.

Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikaamua kwamba alivuliwa uraia kiholela. Shikeni hili: mtu akishaonyesha vielelezo vyake, kuthibitisha kwamba si raia ni kazi ya serikali. Huku kwetu ni kinyume. Msako wa Uhamiaji ukipita, mvuvi mwenye lafudhi ya Kijaluo au Kihangaza anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu aliyezaliwa enzi za Mjerumani!

Mahakama iliagiza pia sheria irekebishwe, maana Sheria ya Uraia ya 1995 imeufanya uamuzi wa waziri kuwa wa mwisho. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwenye mahakama hiyo ya Arusha. Mimi naita huko kukimbia mtihani.

Basi tuna Mahakama Kuu, hapa hapa Mwanza. Mtu akishikiliwa bila kufikishwa mahakamani, ndugu zake waombe aletwe mbele ya jaji. Kupinga uamuzi wa ofisi, una miezi 6 kuomba kibali cha mapitio, yaani jaji aukague uamuzi huo. Kudai fidia, ipe serikali notisi ya siku 90 kwanza. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bure, ila yenyewe hupendekeza, haiamuru.

Lakini jaji atakuuliza: nani alichukua kitambulisho chako? Ukijibu “watu wa Uhamiaji”, umejimaliza. Omba hati ya makabidhiano. Ofisa anayekichukua akikataa, andika jina lake, siku, saa, namba ya gari, na nani alikuwepo. Mwenyekiti wa mtaa apewe nakala siku hiyo hiyo. Na fedha ya serikali ina kumbukumbu namba na risiti. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, hiyo si faini, ni rushwa, piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Haya, maswali. Mama wa pale nyuma, anza wewe.